Mbuzi Aliyeelekezwa Nanyuki

Mimi ni mtu wa hasira. Nasema mapema ili mtu asije akanikatiza katikati na kuniuliza, "Mama Ngatia, kwani ni nini?" Watoto wangu wameshachoka na mimi. Wananiambia hayo maneno yaliisha zamani, na Dawud mwenyewe hakuwahi kugombana na mtu, sasa mimi nagombana na nani? Nagombana na mbuzi, nawaambia. Wanacheka. Hawajui kwamba sifanyi mzaha.

Nimekuwa karani wa taipureta kwa miaka kumi na sita katika chuo cha walimu kilicho upande wa Giakanja. Jina la chuo sitalitaja, bado kinanilisha. Kila barua iliyotoka pale tangu mwaka wa sabini na mbili imepita chini ya vidole vyangu, na kwa kazi hiyo najivuna, kwa sababu sikosei. Ukiona barua yetu ina kosa, jua siku hiyo nilikuwa mgonjwa na waliazima mtu.

Dawud nilimkuta pale. Alikuwa msaidizi wa maabara, mrefu, mwembamba, amevaa koti jeupe lililofuliwa mpaka kola ikachanika, na kofia ya kufuma kichwani. Aliandikwa mwaka wa sitini na moja, wakati wa wazungu, aoshe chupa. Mzungu wa sayansi akaona mkono wake hautetemeki, akaanza kumfundisha kupima asidi, kuchanganya dawa na kurekebisha mizani. Uhuru ulipokuja wazungu wakaondoka mmoja mmoja, na walimu waliokuja kushika sayansi wakawa hawakai: huyu amepata kazi ya benki, yule ameitwa Nairobi. Aliyebaki alikuwa Dawud. Mwalimu asipofika, Dawud anaingia darasani. Mwalimu akifika bila kujiandaa, Dawud anasogea karibu na ubao na kusema kwa adabu, "Labda wangependa kuona hivi." Wanafunzi wakamwita Mwalimu, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Kwenye karatasi za serikali alikuwa msaidizi wa daraja la chini kabisa, na yuko hapo hapo mpaka leo ninapozungumza.

Alizaliwa Majengo, hapa hapa Nyeri mjini. Baba yake, Yakubu, alikuwa mpishi aliyekuja na jeshi kutoka Tabora akabaki. Mama yake, Mwanasiti, ni wa Majengo pia, na mama mzazi wa huyo Mwanasiti alikuwa Mgikuyu wa Tetu, alikimbilia mjini zamani akasilimu, na kwao wakamfuta kabisa. Kwa hiyo Dawud alisema Kigikuyu kizuri kuliko hawa wanangu wanaochanganya kila kitu. Lakini akija mgeni ofisini, swali lilikuwa moja. Kwenu ni wapi? Majengo. Hapana, kwenu haswa? Majengo, Nyeri. Aa, lakini haswa haswa? Swali hilo nimelisikia mbele ya meza yangu mara nyingi sana, na kila mara Dawud alijibu kwa upole huku mimi nasaga meno.

Mwaka wa sabini na nne wizara ikatangaza masomo ya diploma ya ualimu wa sayansi, miaka miwili Nairobi, kwa watu ambao tayari wako kazini vyuoni. Nafasi moja kila wilaya. Mwombaji awe hajatimiza miaka thelathini na mitano. Dawud alikuwa na thelathini na minne. Alikuwa amesoma kwa posta mpaka akapata cheti cha kidato cha nne, anasoma saa ya chai nyuma ya maabara, wenzake wakimcheka. Akakaa mtihani wa kuchagua pamoja na watu kumi na wanane, akawa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali sana nyuma yake. Matokeo niliyapiga chapa mimi. Nikavua viatu vyangu vya visigino nikakimbia mpaka maabara, sikungoja.

"Mwalimu! Umewafagia wote!"

Aliweka chupa mezani kwanza, maana ndivyo alivyokuwa, halafu akaketi kwenye stuli akafunika uso kwa mikono.

"Magdaline," akasema, "huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Nilikuwa nimeshaanza kujizoesha kukosa."

Tukacheka wote wawili, na machozi yalikuwa yananitoka. Laiti ningejua.

Fomu ikaja wiki iliyofuata. Kurasa nne, na kwenye ukurasa wa pili pana mahali pa kujaza lokesheni ya nyumbani, yaani eneo la chifu wa kwenu, ukoo, na pembeni maneno kwamba barua ya chifu wa lokesheni hiyo iambatanishwe. Majengo haina lokesheni. Ni mji, na mji uko chini ya baraza la mji. Dawud akaenda baraza, karani wa pale akamwambia aende kwa chifu wa kwao. Akaleta barua ya mzee wa Majengo aliyewajua baba yake na babu yake mzaa mama, wakamwambia huyo si chifu, ni mzee tu. Akazunguka hivyo siku nane. Mtu aliyezaliwa hospitali ya mjini, akasoma shule ya mjini, akamzika baba yake kwenye makaburi ya mjini, hana pa kujaza.

Prinsipo wetu alikuwa Theuri. Huyu Theuri alikuwa mwanafunzi wa Dawud mwaka wa sitini na tatu. Alijimwagia asidi mkononi, na Dawud ndiye aliyemburuta mpaka kwenye mfereji akamshika mkono chini ya maji nusu saa. Kovu halipo. Nilidhani angesema neno.

"Mwalimu, mimi sina shida na wewe," Theuri akamwambia, mbele yangu. "Kwangu wewe ni mtu wa hapa. Lakini hii ni karatasi, na karatasi haijui mtu. Leta barua ya chifu mbele ya Ijumaa ya tarehe ishirini na tisa, nitatia sahihi hata nikiwa nimelala."

Nikarudi nyumbani jioni nikamweleza baba yangu. Baba yangu, Mzee Gatimu, alikuwa mkulima wa kahawa, na Dawud alimjua vizuri. Miaka michache nyuma kahawa ya kwetu ilishikwa na ule ugonjwa wa tunda kuoza likiwa bado kijani. Watu walikuwa wanachanganya dawa ya kopa kwa kukisia, mwingine kidogo mno, mwingine mpaka majani yanaungua. Dawud alikuja na kipimo cha kioo, akamwonyesha Baba kiasi na siku za kunyunyiza, akarudi Jumapili sita mfululizo kuangalia. Kahawa ya Baba ikapona. Ya jirani ikaanguka chini yote. Tangu hapo Baba alikuwa akimwita kijana wangu, na hakuwa akitania.

"Shida ni lokesheni tu?" Baba akauliza. "Basi tumwingize kwenye mbari. Watu walikuwa wanaingizwa tangu zamani. Mbuzi mmoja, wazee wakikubali, amekuwa mtoto wa mbari yetu. Chifu ataandika."

Mbari ni ukoo wa babu mmoja. Na kweli, desturi ya kumfanya mgeni ndugu ilikuwepo, ingawa ilikuwa imeanza kusahauliwa. Baba akawaendea wazee tisa, mmoja mmoja, kwa miguu. Wanane wakakubali bila maneno mengi, kwa sababu ya kahawa. Wa tisa alikuwa Kihara, ndugu yake Baba, ambaye mimi namwita baba mdogo.

"Leo anataka barua," Kihara akasema. "Kesho atataka shamba."

"Hataki shamba. Anataka kusoma," Baba akamjibu.

"Wote husema hivyo."

Lakini akakubali, shingo upande. Na hapa niseme jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi nikilisema. Mtoto wake Kihara, Wahome, alikuwa mwalimu msaidizi pale pale chuoni, na katika ule mtihani yeye ndiye aliyekuwa wa pili. Sisemi baba mdogo alipanga kitu. Nasema tu kwamba wa pili alikuwa mtoto wake, na alilijua hilo.

Sasa ilibaki mbuzi. Kwa mila yetu, mbuzi wa shughuli kama hiyo hachinjwi kwanza. Wazee humziba pumzi mpaka atulie, ndipo kisu kije, na damu haimwagiki ovyo. Dawud alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho. Halafu akamwambia Baba, kwa ile sauti yake ya maabara, kwamba mnyama aliyekufa kwa kuzibwa pumzi yeye hawezi kumtia mdomoni. Akimtia, hawezi kurudi kwa mama yake. Na asipokula, hiyo shughuli haiwi shughuli. Akaomba jambo moja tu, amchinje mwenyewe.

Baba yangu alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliotuharibia. Mtu mwingine angekwenda kuwauliza wazee. Baba akaona akiuliza, Kihara atapata mahali pa kushika. Akasema, "Mbuzi ni mbuzi. Utachinja wewe. Wakiona imeshakuwa, watanyamaza." Pombe ya muratina alimwambia asihangaike nayo, ataimeza yeye kwa niaba yake. Dawud akacheka. Nilimwona akicheka, akanishika mkono na kuniambia mimi sasa nitakuwa dada yake kwa sheria, nisije nikamkataa mbele ya watu.

Siku ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tatu. Wanawake hatukuruhusiwa kukaribia, lakini jiko letu lina mlango unaotazama uwanja, na hakuna mtu aliyesema tufumbe macho. Wazee walikaa na mablanketi na fimbo zao, nyuso zimeelekea mlima. Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi kabisa. Kwetu mtu akiomba huelekea huko, na hata wale wanaokwenda kanisani Jumapili wakizeeka hugeuka huko bila kujijua. Dawud alivaa koti jeusi la marehemu baba yake. Mama yake hakuja.

Wakamleta mbuzi, beberu wa rangi moja, hana doa. Mzee mmoja akainama amshike mdomo. Baba akasema, "Mwachie mtoto. Leo atashika yeye." Wakatazamana. Dawud akampokea yule mbuzi kwa upole, akamlaza, kisha akamgeuza. Hakumwelekeza mlimani. Akamzungusha kichwa kushoto, pole pole, mpaka akaelekea upande wa Nanyuki, kaskazini, kwenye kibla.

"Huyu anampeleka mbuzi wetu wapi?" Kihara akauliza, kwa sauti ya juu.

Dawud akasema maneno yake ya kuchinja, mkono hautetemeki, akapitisha kisu. Damu ikaruka ikamwagika kwenye majani mbele ya miguu ya wazee. Mmoja wao akarudisha mguu haraka. Na mimi kule mlangoni, Ngai wangu, nikajua hapo hapo kwamba mambo yameharibika.

Kihara akasimama. "Kwani Mungu amehamia Nanyuki?" akasema. Wengine wakacheka kidogo, na kicheko kile ndicho kilichomaliza kila kitu, maana kabla ya hapo walikuwa wamechanganyikiwa tu. "Tumekuja kumfanya mtoto wetu, yeye amekuja kutufanya watoto wake. Mbuzi huyu amekufa kifo kibaya. Mimi sili."

"Kihara, kaa chini," Baba akasema.

"Nikikaa, laana ikimpata mtu katika mbari hii, utaibeba wewe?"

Neno laana likishasemwa mbele ya wazee, hata asiyeliamini hataki kuwa wa kwanza kubaki. Wakainuka. Walivuta mablanketi yao mmoja baada ya mwingine, wakapita langoni bila kuaga. Wanane waliokubali kwa sababu ya kahawa, wote.

Hapa ndipo hasira yangu inaponipanda. Wazee hawa hawa, kila siku ya soko, wananunua nyama Nyeri mjini. Mchinjaji wa pale ni nani? Ni Mwislamu wa Majengo! Anamwelekeza ng'ombe Nanyuki kila alfajiri, anasema maneno yale yale, na wao wanakula, wanajilamba vidole, wanarudi na mfuko wa matumbo kwa wake zao. Miaka yote hiyo hakuna laana iliyowashika. Mungu alihamia Nanyuki siku moja tu, siku Dawud alipohitaji barua.

Dawud alibaki amepiga magoti, kisu mkononi. Baba akaingia nyumbani akatoka na sufuria. Wakamchuna wawili. Mimi nikavunja desturi, nikatoka jikoni nikawasha moto uwanjani. Baba akachoma ini, akakata vipande viwili, akampa Dawud kimoja akala chake. "Mimi nimekula," akasema. "Kwangu umeshakuwa mtoto." Lakini mtu mmoja si mbari, na sote watatu tulilijua hilo. Dawud alitafuna kipande kile muda mrefu sana, hakishuki.

Jumatatu Baba akaenda kwa chifu. Chifu akamwambia alama ya kidole ya mzee mmoja haitoshi, alete ya wazee tisa. Na Majengo nako habari zilishafika kwamba mtoto wa Yakubu amekwenda kutambika na wazee wa mlima. Watu wakawa wanamwitikia salamu kwa nusu mdomo. Mama yake, Mwanasiti, hakumfukuza. Alimuuliza tu, akiwa anachagua mchele, "Kwa hiyo jina la baba yako lilikuwa halitoshi?" Dawud alinieleza hayo mwenyewe. Alisema angeona afadhali kupigwa.

Sasa nifike kwangu. Nimezunguka, najua.

Alhamisi tarehe ishirini na nane, saa tisa alasiri, Theuri akanipa zile fomu. Alikuwa ameshatia sahihi yake chini, anakwenda mkutano Karatina. Dawud alikuwa ameniletea sehemu zote zimeandikwa kwa mkono, nipige chapa tu. Ile ya lokesheni aliiacha tupu.

"Jaza vile mambo iko," Theuri akaniambia, akivaa koti. "Usiache mahali wazi, watarudisha. Na Mama Ngatia, ikirudi na uwongo ndani, mimi sijui kitu. Ni wewe nitaita."

Akaondoka. Ofisi nzima ikawa mimi, fomu na taipureta. Barua ya chifu haikuwepo, lakini wakati ule fomu nyingi zilikuwa zinapita bila barua, nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, mradi mahali pale pamejazwa. Ningepiga Giakanja, lokesheni yetu. Ningepiga jina la mbari yetu. Baba yangu alishakula ini, si alisema ni mtoto wake? Nani angekuja kutoka Nairobi kuuliza? Vidole vilikuwa juu ya herufi.

Lakini mimi nilikuwa wa muda. Miaka miwili wa muda, mwanamke peke yake katika ofisi ile, na kila mwezi wananiambia barua yangu ya kuandikwa kabisa iko njiani. Barua hiyo ilikuwa kwenye meza ya Theuri, nilikuwa nimeiona, inangoja sahihi. Mume wangu alikuwa ameshashika njia zake, ameniachia watoto watatu na ahadi. Nikafikiria nikiitwa kwa ajili ya uwongo. Nikafikiria karo ya Ngatia. Niliwaza hayo yote kwa muda mfupi tu, maji ya chai hayakuwa yamechemka.

Nikapiga: HANA. Kwenye ukoo nikapiga: HANA. Nikasoma karatasi yote toka juu mpaka chini, kama desturi yangu, nikaitia kwenye bahasha, na nakala nikaiweka kwenye faili lake. Wiki iliyofuata Theuri akatia sahihi barua yangu.

Jibu la Dawud lilirudi baada ya majuma matatu, mstari mmoja: mwombaji si mwenyeji wa wilaya. Nafasi ikaenda kwa wa pili. Baba akaacha kusema na ndugu yake, na walizikwa hivyo hivyo, hawasemezani. Wahome akaenda Nairobi, akarudi na diploma, akafanywa mkuu wa sayansi. Siku yake ya kwanza darasani alikuja maabara kumwomba Dawud amwandikie namna ya kuanza. Dawud akamwandikia. Akaendelea kumwandikia mwaka baada ya mwaka, na Wahome si mtu mbaya, anamwita Mwalimu mbele ya watu, lakini kwenye mkutano wa walimu Dawud haingii, anangoja nje na funguo.

Na mimi? Kila asubuhi Dawud alipita mlangoni kwangu na chupa ya chai, akinimiminia kikombe kabla ya kwenda maabara. "Umeamkaje, dada yangu kwa sheria?" Alikuwa akisema hivyo, anatabasamu. Nami nilikunywa ile chai miaka kumi na mbili. Nilijiambia hajui. Nikajiambia hata ningejaza, wangemkataa. Nilijiambia mengi, mtu akitaka kulala usingizi hakosi la kujiambia.

Mwaka jana, mwezi wa pili, akaja saa ya chai bila chupa. Alikuwa na binti yake, Mwanaisha, msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kama baba yake, amefaulu kidato cha sita vizuri mno. Alikuwa anaomba nafasi ya ualimu wa sayansi chuo kikuu. Dawud akaniwekea fomu mezani. Alitaka ipigwe chapa na mtu asiyekosea, akasema. Mwanaisha akabaki mlangoni na bahasha mkononi, ananitazama kwa heshima.

Nikapiga jina. Nikapiga shule na alama. Nikageuza ukurasa, na pale pale, mahali pale pale, nikakutana na lile neno: lokesheni.

Nikamwangalia Dawud. Nikasema haraka haraka, "Mwalimu, hapa naandika Giakanja. Baba yangu alikukubali kabla hajafa. Mimi ni shahidi. Naandika Giakanja na jina la mbari yetu, na wakija kuuliza waniulize mimi."

"Hapana, Magdaline."

"Kwa nini hapana? Wataninyonga?"

"Watauliza chifu, na chifu atauliza wazee. Sasa hivi wanauliza kila fomu. Halafu mtoto wangu atakuwa mgeni na mwongo pia." Alisema polepole, kama anavyowasomea wanafunzi kipimo. "Andika vile ulivyoniandikia mimi."

Mlangoni Mwanaisha alikuwa akisoma ratiba ya basi ukutani, hasikii au anajifanya hasikii.

"Ulijua," nikasema.

"Nakala iko kwenye faili langu. Niliiona mwaka uliofuata, nilipokwenda kutafuta barua ya likizo."

"Na chai? Miaka yote hiyo, Dawud, chai?"

"Ulikuwa na watoto watatu," akasema. "Na mtu wa kunywa naye chai hapa nilikuwa naye mmoja."

Nilitaka alie. Nilitaka anitukane, anipige kofi, aite watu. Hakufanya lolote. Alisimama tu pale na koti lake la kola iliyochanika, akingojea nimalize kazi, kwa sababu posta inafungwa saa kumi na moja na kutoka Giakanja mpaka mjini ni mbali.

Nikapiga: HANA. Kwenye ukoo nikapiga: HANA. Nikaitoa karatasi kwenye taipureta nikampa. Akavaa miwani yake, akaisoma yote toka juu mpaka chini, akifuatisha kwa kidole mstari kwa mstari, akasimama kidogo kwenye ukurasa wa pili, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akamwita binti yake alete bahasha.

"Ahsante, dada yangu," akaniambia. "Hakuna kosa hata moja."